Mzungu Hakuitwa Mzungu kwa Kuzunguka

Alhamisi iliyopita nilialikwa na shirika moja hapa Westlands, Nairobi, niwape wafanyakazi wapya waliotoka ng'ambo somo lao la kwanza la Kiswahili. Kabla ya zamu yangu alisimama mwenyeji wao, Mkenya kama mimi, akawaeleza kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba neno la kwanza watakalolisikia barabarani ni "mzungu", kwamba maana yake ni mtu azungukaye bila kujua aendako, na kwamba mababu zetu waliwaita hivyo wapelelezi wa karne ya 19 baada ya kuwaona wamepotea porini. Wageni wakacheka na kuandika. Nilipoinuka, mama mmoja wa makamo aliyeketi mstari wa mbele akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo kila mtoto anayeniita mzungu ananiambia kuwa nimepotea?"

Nimefundisha Kiswahili kwa wageni katika jiji hili kwa miaka 19, na hadithi hiyo nimeisikia kwa madereva wa watalii, kwa wahubiri, kwa walimu wenzangu, hata kwa watu waliosomea isimu ambao walipaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka. Nimeisahihisha kwa mdomo mara nyingi mno. Safari hii naiandika, ili atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa.

Niondoe kwanza kosa dogo. Wapo wanaosema kwamba mzungu maana yake ni "mtu mweupe". Katika matumizi ya kila siku neno hilo huwahusu watu wenye asili ya Ulaya, nao wengi wao ni weupe, lakini ndani ya neno hamna weupe wowote. Weupe katika Kiswahili ni -eupe. Kama wahenga wetu wangetaka kutaja rangi, kivumishi walikuwa nacho. Hilo halihitaji maneno zaidi.

Kosa kubwa ni hilo la kuzunguka, na nitalikalia kwa muda mrefu, kwa sababu linavutia, linafanana na ukweli, na mtu aliyelishika huliachia kwa shida.

Hoja yenyewe husimama juu ya kufanana kwa sauti tu: mzungu, zunguka, kizunguzungu. Hata hivyo, lugha haiundi nomino kwa kukata kitenzi popote inapopenda. Mtenda katika Kiswahili hupatikana kwa njia zinazojulikana: kwa kiishio -i, kama mpishi na mlinzi, kwa -aji, kama msomaji na mchezaji, kwa -a kukiwa na kijalizo mbele yake, kama mfanyabiashara. Ama vitenzi vinavyoishia na -uka au -oka, vinapozaa nomino au vivumishi vya sifa, mara nyingi hutoa umbo la -ufu au -ofu: tukuka hutupa mtukufu, nyooka hutupa mnyoofu, ongoka hutupa mwongofu, kunjuka hutupa mkunjufu, punguka hutupa pungufu. Kwa hiyo zunguka ingetupa mzungukaji au, kwa njia ya pili, "mzungufu". La kwanza lipo na humaanisha tu mtu anayezunguka. La pili sijawahi kulisikia mahali popote. Anayetaka kutoka zunguka hadi mzungu lazima aieleze -k- iliyotupwa njiani, na katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kujaribu kunieleza.

Zaidi ya hayo, lugha ilikwisha kuwa na neno la mtu atembeaye bila shabaha. Kitenzi ni zurura na mtu wake ni mzururaji. Wakazi wa Nairobi wanalijua vizuri neno hilo, kwa kuwa sheria ya uzururaji ya wakati wa ukoloni ilitumika kuwakamata Waafrika waliokutwa mjini bila kazi inayotambuliwa na serikali. Aliyeitwa mzururaji katika barabara za mji huu alikuwa babu yetu, na aliyemwita hivyo alikuwa mzungu. Ndiyo maana hadithi ya kwamba sisi ndio tuliowaona wao kuwa wazururaji inawafurahisha wengi, kwa kuwa inaonekana kama kisasi kidogo. Naielewa furaha hiyo, lakini haiwi ushahidi wa asili ya neno.

Tuitazame historia pia. Hadithi inasema wapelelezi walionekana wakirandaranda barani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, wakafika Tabora mwaka huohuo na Ujiji mwaka 1858, na njia waliyoifuata haikuwa pori lisilojulikana. Ilikuwa barabara ya misafara, iliyokanyagwa miaka mingi na Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu. Aliyekuwa akiwasaidia kuongoza msafara, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyezungumza Kiswahili. Wapagazi walijua kila kisima na kila kijiji cha kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita. Mzungu alikuwa akifuata watu wanaojua waendako, naye akienda mahali palepale pamoja nao. Sasa kwa nini watu hao, waliotembea njia hiyo kwenda na kurudi maisha yao yote, wamwite yeye peke yake mtu wa kuzunguka?

Isitoshe, pwani yetu haikuanza kuwaona Wazungu wakati wa Burton. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na wakaipoteza mwaka 1698. Kwa zaidi ya miaka 350 kabla ya msafara wa Burton watu wa pwani walikuwa wamepigana na Wazungu, wamefanya nao biashara, wamewaazima maneno na kuyafanya yao: meza, leso, gereza, bendera, mvinyo, karata. Ni vigumu kuamini kwamba watu hao walingoja hadi karne ya 19 ndipo watafute jina la jumla la Wazungu kwa kumtazama mwanajiografia mwenye homa.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuwa mwaminifu, maana wanaonipinga wana hoja moja nzuri ambayo wao wenyewe hawaijui. Kizunguzungu ni neno la kweli, na bila shaka lina undugu na zunguka. Humo tunaiona zungu ikisimama bila -k-, imerudufiwa, nayo inahusu kichwa kinachozunguka. Katika Chichewa, lugha ya Malawi, kuzunguka ni kuzungulira, na kizunguzungu ni chizungulire. Tukiyaweka pamoja tunaona kwamba mzizi ni -zung-, na kwamba -uk- na -ul- ni viambishi vya mnyambuliko, kama katika kunjua na kunjuka kutoka kunja. Basi mtu angeweza kusema kwamba mzungu ni m-zung-u, yaani mzizi uleule uliopewa kiishio -u, kama mkuu kutoka kua. Mlango huo siwezi kuufunga kabisa, wala sitajifanya nimeufunga. Ninachosema ni kwamba mlango huo hautupeleki kwa "mtu aliyepotea porini". Unatupeleka kwenye mzizi wenye maana ya kugeuka na kupinda, na kutoka hapo hadi kwa Mreno aliyeshuka merikebuni ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeionyesha hatua zake.

Kuna neno jingine la Kiswahili ambalo watu wa Nairobi hawalijui sana, ijapokuwa kamusi kubwa zimelipa kidahizo chake. Ni mzungu, wingi wake mizungu, la ngeli ya m-/mi-. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo, na waliokulia karibu na unyago, yaani mafunzo ya wasichana wanaobalehe, hawahitaji kamusi. Mizungu ni mambo ya ajabu, mbinu, werevu wa kutatua jambo lililowashinda wengine. Na hasa ni mafunzo ya siri, nyimbo na ishara ambazo kungwi humfundisha mwari. Mtu asiyefundwa hayaelewi hata akiyasikia. Wachezaji karata wa zamani waliziita kadi zenye picha mzungu wa pili, wa tatu na wa nne.

Mimi naegemea upande huu. Mtu aliyekuja na merikebu zenye mizinga, na vitu ambavyo utengenezaji wake haukujulikana, kumwita mtu wa mizungu ni jambo ambalo lugha inaliruhusu bila kutupa konsonanti yoyote: shina ni lilelile, na kilichobadilika ni ngeli peke yake, kutoka m-/mi- ya vitu hadi m-/wa- ya watu. Nasema naegemea, kwa kuwa inawezekana pia kwamba maneno haya mawili yalikutana tu kwa sauti. Wanafunzi wangu wa isimu hawapendi jibu la namna hii. Hutaka asili moja ya kuandika katika mtihani, na nadhani ndiyo sababu vitabu vya shule huchagua moja na kunyamaza kuhusu nyingine.

Tukivuka mpaka wa Tanzania na kuingia Zambia jambo linazidi kuvutia. Katika Kibemba cha Zambia, mtu mwenye asili ya Ulaya ni umusungu, wingi abasungu, na Kiingereza ni icisungu. Na icisungu hilohilo, kwa herufi zilezile, ni jina la unyago wa wasichana, ambamo nachimbusa, ambaye ndiye kungwi wao, humfunda mwari kwa nyimbo na vyombo vya udongo vyenye maana fiche. Mtu aliyeisoma aya yangu ya mizungu atashtuka, nami nilishtuka. Lakini Kibemba ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na maneno yanayofanana kwa herufi yanaweza kuachana kabisa kwa toni, kwa hiyo nimejizuia kusherehekea.

Katika bonde la Zambezi, ambako Wareno walijipatia mashamba makubwa yaliyoitwa prazo kuanzia karne ya 17, familia zao zilioana na wenyeji kizazi baada ya kizazi, hata ikafika wakati wenye prazo wengi hawakuwa na tofauti kubwa ya sura na watu waliowatawala. Hata hivyo waliendelea kuitwa muzungo. Waliitwa hivyo kwa sababu ya bunduki, ardhi, jina la Kireno na ubatizo. Hapo neno linajionyesha lilivyo: ni jina la cheo na la mwenendo, na rangi ilifuata nyuma.

Sisi wa Nairobi tunalitumia vivyo hivyo kila siku bila kufikiri. Choo cha kizungu hakina rangi ya mtu. Dawa ya kizungu hutolewa na muuguzi Mkenya katika zahanati ya mtaani. Mtu akishika muda sana, au akizungumza Kiingereza na watoto wake nyumbani, huambiwa kuwa amekuwa mzungu. Wazee walioingia katika nyumba za Lavington na Karen baada ya uhuru walisemwa kuwa wamehamia uzunguni, na mtaa ukaendelea kuwa uzunguni ijapokuwa majirani wote walikuwa Waafrika. Katika Kinyarwanda tajiri au mwajiri huweza kuitwa umuzungu hata akiwa Mnyarwanda, na Afrika Kusini mfanyakazi anayesema umlungu wami mara nyingi anamtaja bosi wake. Wanafunzi wangu Wamarekani weusi wameniambia, baadhi yao kwa uchungu mkubwa, kwamba walipokwenda vijijini watoto waliwapigia kelele ya mzungu kama walivyowapigia wenzao weupe.

Lazima nitaje pia jambo linaloipinga hoja yangu. Watoto wengi humwita mtu mwenye ualbino mzungu, naye hana Ulaya yoyote ndani yake, hana fedha, wala hana mwenendo wa kigeni. Hapo rangi imeshika usukani, na neno linaumiza vibaya, kwa sababu linamtoa mtoto wa kwetu nje ya ukoo wake. Kwa hiyo rangi imeingia katika neno, hilo sikatai. Iliingia baadaye, na bado haijalimaliza.

Sasa nije kwa majirani zetu wa Nairobi, maana hapa pia watu hunena mengi. Wagikuyu husema mũthũngũ, wingi athũngũ. Wakamba husema mũsũngũ. Waluhya husema omusungu. Kila jamii ina mzee mwenye hadithi ya namna mababu zake walivyomwona mtu wa kwanza mweupe na kumbuni jina kutokana na alichokuwa akifanya. Sauti zenyewe zinakataa. Neno la Kibantu lililorithiwa, ambalo katika Kiswahili lina z, katika Gĩkũyũ huwa na r au g: mwezi ni mweri, mzizi ni mũri, -zito ni -ritũ, -zima ni -gima. Iwapo mũthũngũ lingekuwa neno la urithi lenye asili moja na mzungu, tungetarajia "mũrũngũ" au kitu cha kukaribiana nalo. Badala yake tuna th, ambayo ndiyo sauti Gĩkũyũ huitumia inapoazima s au z kutoka Kiswahili: meza ikawa metha, saa ikawa thaa. Kikamba nacho kina mesa na kina mũsũngũ. Neno lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, likapokelewa barani kama meza ilivyopokelewa, na meza yenyewe ilikuwa imetoka kwa Wareno. Hakuna babu wa Murang'a aliyelibuni kwa kumtazama mpelelezi. Alilisikia kwa watu wa msafara pengine kabla ya kumwona huyo mtu mwenyewe.

Rwanda wana hadithi yao, nayo ni nzuri kuisikia: umuzungu eti limetokana na kuzungura, yaani kurithi au kushika nafasi ya mwingine, kwa kuwa Wazungu walishika nafasi ya watawala. Kila lugha imefungua ghala yake na kutoa kitenzi kilichofanana na neno. Sisi tuna zunguka, wao wana kuzungura. Hadithi zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na wingi wake ni dalili kwamba watu walilipokea neno likiwa tayari limeundwa, kisha wakalitafutia maana nyumbani kwao.

Kuna imani nyingine inayosambaa, hasa katika mahubiri: kwamba mzungu linatokana na Mungu, kwa kuwa mababu waliwadhania kuwa miungu. Imani hii inaniudhi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inawadhalilisha watu waliopigana na Wareno kwa karne mbili. Ushahidi wake hutolewa kusini, kwenye umlungu wa Wazulu na Wakhosa, murungu wa Washona na mulungu wa Watsonga, maneno ambayo kwa kweli yanafanana mno na Mulungu, jina la Mwenyezi katika lugha nyingi za mashariki. Mimi nimezaliwa Kilifi. Katika Kigiriama Mungu ni Mulungu, na mzungu ni muzungu, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Chichewa ni hivyo hivyo: Mulungu na mzungu. Kikamba kina Mulungu na mũsũngũ. Kule ambako mtu mweupe huitwa murungu au umlungu, Mungu ana jina jingine kabisa: Washona humwita Mwari, Wazulu humwita uNkulunkulu, Watsonga humwita Xikwembu. Hata hivyo kuna ukweli mmoja unaonisumbua. L ya Kizulu na r ya Kishona hulingana kwa kanuni, kama lima na rima, lala na rara, kwa hiyo umlungu na murungu ni ndugu halali. Z ya Kiswahili hailingani na l ya Kizulu, kwa kuwa zaa kwao ni zala. Maana yake ni kwamba umlungu na mzungu huenda si neno moja hata kidogo, ingawa kila mtu, hata vitabu vinavyoheshimika, huyaweka katika orodha moja. Kwenye pwani ya mashariki ya Afrika Kusini upo ukoo wa abeLungu, ambao asili yao ni watu waliookoka katika merikebu zilizovunjika baharini na wakaolewa na kuoa katika jamii za pale. Neno lao lina historia yake yenyewe, na haifai kulivuta kwa nguvu hadi Mombasa.

Kwa wanaopenda ngeli, tazameni viambishi kabla ya mizizi. Sisi tunasema wazungu, Waganda abazungu, Wazulu abelungu: wote wako katika ngeli ya watu. Watswana husema lekgoa, wingi makgoa, ngeli ya le-/ma-, ambayo huwabeba wageni wengi. Wakongo wanaosema Lingala wana mundele, wingi wake mindele, na hiyo mi- ndiyo mi- ya miti na mito, na ndiyo mi- ya mizungu yetu. Katika Kiswahili, mtu akitaka kumdhalilisha mzungu humwondoa katika m-/wa- na kumwita jizungu, kama anavyofanya kwa jitu lolote lile. Ikiwa mtu ananiuliza neno limebeba dharau au la, namwambia asikilize kiambishi, kwa maana mzizi hauna la kumwambia.

Hapo ndipo nilipofika na yule mama wa Westlands. Alitaka kujua kama ametukanwa, nami nilimjibu kwamba asili ya neno haina uwezo wa kumtukana, ila namna ya kuita inao. Kiswahili hakimwiti mtu kwa kundi lake. Tunamsalimu mtu tusiyemjua kwa jina la undugu usio wa damu: mama, baba, dada, kaka, ndugu, mzee, shangazi. Kumwambia mtu "wewe Mkamba, njoo" au "wewe Mhindi, lipa nauli" ni utovu wa adabu, ingawa Mkamba na Mhindi ni maneno safi. Kondakta anayepaza sauti "mzungu, ingia" amekosa adabu kwa njia hiyohiyo, na angekosa vilevile kama mzungu lingekuwa na maana ya malaika. Yule kondakta akisema "mama, ingia", kosa limekwisha, hata kama dakika moja baadaye atamweleza mwenzake kwamba yule mzungu anashukia kituo cha Yaya. Kutaja ni kitu kimoja na kuita ni kitu kingine, na wageni wengi, na Wakenya wengi pia, hawajawahi kuelezwa tofauti hiyo.

Ama watoto wa mitaani wanaoimba "mzungu, hawayu", wao hawamwiti mtu, wanatangaza tukio, na hawangojei jibu zaidi ya mkono wa kupungiwa. Nilimshauri ajibu kwa Kiswahili, "Hamjambo, watoto?", na anyamaze asikilize. Mara nyingi hujibu "Hatujambo" kwa pamoja, na baada ya siku tatu watakuwa wakimwita shangazi, au watamwita mama wa mtoto wao wanayecheza naye ikiwa ana mtoto. Akasema ana binti wa miaka tisa aitwaye Clara. Basi ataitwa Mama Clara, nikamwambia, na itamchukua muda kuzoea.

Yule mwenyeji aliyeanzisha hadithi alinifuata baadaye kwenye maegesho. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwamba aliambiwa na babu yake, na kwamba hawezi kusema babu yake alidanganya. Nilimwambia babu yake hakudanganya, alifanya kazi ambayo kila mzee hufanya, ya kulipa neno gumu maana iliyo karibu, na kwamba mimi na yeye tuna kamusi na sarufi ambazo mzee hakuwa nazo. Sidhani kama nilimshawishi.

Kilichobaki kinahitaji masikio kuliko kamusi. Kiswahili kilipoteza toni zake, kwa hiyo hakiwezi kutuambia kama -zungu ya mtu na -zungu ya mizungu ni shina moja. Ndugu zake waliobaki na toni wanaweza. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na unayezungumza Kibemba tangu utotoni, ombi langu ni hili: mkalishe mama yako au nyanya yako, mwambie atamke icisungu cha kufunda mwari, kisha atamke icisungu cha Kiingereza, mara tatu tatu, bila kumweleza unatafuta nini, urekodi kwa simu na unitumie. Waliozaliwa katika Kiyao na Chichewa nao wanisaidie na maneno ya unyago wa kwao. Mimi mwenyewe nitakwenda Kilifi mwezi wa Disemba, na nimekwisha kumwambia shangazi yangu kwamba nitamsumbua.